Barua kutoka Unguja: kamera ya simu ya bei kubwa na sura za watu wetu

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata kabla sijapanda boti ya kuja Unguja, na swali lako nimetembea nalo kisiwa kizima: mpigapicha mwenye studio ndogo, anayeishi kwa harusi, maulidi, kipaimara na picha za pasipoti, anaweza kuitegemea simu ya daraja la juu, au atakuwa amenunua jina?

Bahati nzuri safari hii nilikuwa na simu ya namna hiyo mkononi, ya ofisini, ile ambayo bei yake dukani inakaribia ya pikipiki mpya. Kampuni sikutajii. Nikiitaja, wewe na wenzako hapo barazani mtabishana kuhusu kampuni na picha mtazisahau, na mengi nitakayokueleza ni tabia ya simu zote za daraja hilo.

Kwa ufupi, nyuma ina kamera tatu: kuu ya megapikseli 50, pana ambayo wengi wanaiita sifuri nukta tano, na ya kuvuta mara tano. Hizo megapikseli 50 zisikubabaishe. Kwa kawaida simu huunganisha nukta nne za sensa zikawa moja ili kila nukta ikusanye mwanga zaidi, na picha inayotoka ni ya megapikseli 12 na kidogo, yaani nukta 4,000 kwa 3,000 hivi. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya inchi 13 kwa 10. Mteja wa A4 ya kuning'iniza sebuleni ameshatoshelezwa, na wateja wako wengi hawavuki hapo.

Mtihani wa kwanza wa maana nilioupata ulikuwa ndani ya boti. Kutoka Dar hadi bandari ya Malindi hapa Unguja ni mwendo wa kama saa mbili, na abiria aliyekaa dirishani ni taabu kwa kamera yoyote: nje bahari inameremeta, ndani kuna kiza kiasi, na uso wa mtu uko katikati ya hivyo viwili. Jirani yangu alikuwa bibi wa Makunduchi aliyetoka kumwangalia mjukuu wake Temeke. Nilimwamkia, tukazungumza habari za nyumbani, kisha nikamwomba ruhusa. Akasema, "Piga mwanangu, lakini usinifanye mkaa."

Neno hilo ndilo wateja wako wanakwambia kila siku. Ukipima mwanga wa dirisha, mtu anakuwa kivuli. Ukipima uso, dirisha linakuwa karatasi nyeupe. Simu hizi hupiga picha kadhaa kwa kufumba na kufumbua, nyingine za mwanga mdogo kwa ajili ya anga, nyingine za mwanga mwingi kwa ajili ya uso, halafu programu inazishona ziwe moja. Nilipomwonyesha bibi, mikunjo ya pembeni mwa macho ilikuwepo, kipini kilikuwepo, njano ya kanga yake ilikuwa njano, na nje bahari bado ilikuwa bluu. Weusi wa uso wake ulikuwa na ngazi zake: paji lenye kung'aa, mashavu yenye kivuli cha joto, chini ya kidevu kiza kabisa. Aliitazama muda mrefu, akaniambia nimtumie binti yake. Kwa kazi hiyo peke yake, simu za bei hii zinastahili sifa, na ninaitoa bila kigugumizi.

Lakini jaribu hapohapo kamera ya mbele. Nilijipiga mimi na bibi tukiwa pamoja, na simu ilikuwa na ule mpangilio wa urembo umewashwa tangu dukani. Tukatoka weupe kuliko tulivyo, mashavu laini, pua zimesuguliwa, mikunjo ya bibi imefutwa yote. Hili linaniudhi, mdogo wangu, na sitaki ulichukulie kuwa dogo. Mtu aliyeishi miaka sabini na zaidi ana haki ya kuonekana ameishi. Ukiipata simu yoyote, kazi ya kwanza ni kuingia kwenye mipangilio ya kamera na kuuzima huo urembo, wa mbele na wa nyuma.

Mji Mkongwe nilitembea sana kwa miguu. Kwenye vichochoro kamera ya pana inasaidia, maana huna pa kurudi nyuma, lakini usimweke mtu pembezoni mwa picha. Kichwa kinavutika kama embe dodo. Mweke katikati, au tumia kamera kuu na ukubali kupoteza sehemu ya ghorofa. Milango ya nakshi inatoka vizuri mno, kila msumari wa shaba unauona. Ila kwa vitu visivyotikisika, vilivyo kwenye mwanga wa kivuli cha asubuhi, hata simu ya laki tatu inatoa picha nzuri, kwa hiyo mlango usiufanye kipimo. Jumba la Beit al-Ajaib nalo nililipiga kwa mbali. Tangu sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020 siwezi kupita pale bila kusimama.

Nilichokitaka zaidi kilikuwa pale Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta. Studio hiyo ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Ukutani na mezani kumejaa picha za Unguja ya zamani, nyeusi na nyeupe: majahazi, masultani, watu wa mitaani. Nilizitazama kwa jicho lako, jicho la fundi. Wapigapicha wale walikuwa na filamu ya polepole, lakini nyuso za watu weusi zinasomeka, kwa sababu fundi alikuwa hapa, aliwajua watu aliowapiga, na chumba cha giza kilikuwa chake. Ikitoka hafifu, alichapisha upya.

Mambo yaliharibika ilipokuja rangi na uchapishaji ukahamia kwenye mashine. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iligawia maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa sawa, na nyingine zote zikaja zitakavyokuja. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba filamu ilipoanza kurekebishwa ili iweze kuonyesha rangi za giza, waliosikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishiki kwenye picha. Fikiria picha za harusi za wazazi wetu, zile za albamu yenye plastiki ya kunata: gauni unaliona, keki unaiona, na uso wa baba ni meno na macho.

Ndiyo maana nasema mabadiliko ya miaka hii ni makubwa. Transsion, kampuni ya Kichina yenye Tecno, Infinix na itel, iliona mapema kwamba mteja wa Afrika anataka uso wake utoke vizuri, ikarekebisha kamera zake kwa ngozi nyeusi, na hiyo ni sababu mojawapo ya simu zake kujaa mikononi mwa watu wetu. Oktoba 2021 Google nayo ilitoa Pixel 6 yenye mfumo iliouita Real Tone, uliotengenezwa kwa kushirikisha wapigapicha wenye uzoefu wa ngozi za rangi mbalimbali. Sasa kampuni nyingine nazo zinalizungumzia jambo hilo. Lakini tangazo si kazi, ndiyo maana nilitaka kuona mwenyewe.

Usiku nikaenda Forodhani. Unapajua: meza za pweza, ngisi na mishikaki, moshi wa makaa, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na taa za LED za kila namna zimefungwa juu kwa waya, nyingine za njano, nyingine za buluu. Kwa sisi wa harusi za ukumbini hapa ndipo mtihani ulipo, maana kumbi zetu zina taa zilezile.

Picha ya kawaida, bila mfumo wa usiku, ilitoka nzuri kuliko nilivyotarajia. Muuza juisi alikuwa kijana mweusi sana, amevaa kofia ya vito, na nilipoikuza picha niliona vitundu vidogo vya kofia kimoja kimoja, na jasho kwenye paji la uso. Nikawasha mfumo wa usiku, ule unaokusanya mwanga kwa sekunde mbili tatu. Anga likawa jeusi safi, mawe ya Ngome Kongwe yakaonekana, lakini kijana alikuwa anazungusha mashine ya miwa, na mkono wake mmoja ukatoka kama mitatu. Kwa jengo, mfumo wa usiku ni mzuri. Kwa watu wanaocheza taarabu, uzime.

Kuna ule mpangilio wa potreti pia, unaofifisha kilicho nyuma ya mtu. Kofia ilikatwa sawasawa. Msichana aliyefuatia alikuwa na mtandio wenye nyuzi zinazoning'inia pembezoni, na simu ikala nusu ya nyuzi hizo ikazichanganya na moshi wa nyuma yake. Bibi harusi mwenye shela atakurudishia picha ya hivyo, na atakuwa na haki.

Kwa video, angalia sana. Nilirekodi meza ya pweza na nikaona mistari ya giza inapanda juu kwenye picha. Si ubovu wa simu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila sensa inaona. Ingia kwenye mpangilio wa kitaalamu, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, na mistari inapotea. Hilo litakusaidia ukumbini hata kwa kamera yako ya sasa.

Jambo jingine la mezani: ukiisogeza simu karibu sana na chakula, yenyewe inabadili kwenda kamera ya pana bila kukuuliza, kwa sababu kamera kuu yenye sensa kubwa haiwezi kuona kitu kilicho karibu mno. Kivuli cha simu kinaangukia sahani na rangi inabadilika. Rudi nyuma hatua moja, vuta mara mbili. Mnyiri wa pweza nilioupiga hivyo, vikombe vyake vyote vinang'aa mafuta na pilipili, ndiyo picha ya chakula niliyoipenda kuliko zote.

Msitu wa Jozani nilikwenda kwa ajili ya kima punju, wale wa Unguja wenye mgongo mwekundu. Kwenye kamera ya kuvuta mara tano, manyoya yao ni manyoya kweli. Ukipita hapo, mara kumi bado inavumilika, mara ishirini na kuendelea unaanza kuona kitu kama kimechorwa kwa rangi za maji. Simu inakisia. Machi 2023 mtu mmoja aliufifisha mwezi kwenye skrini ya kompyuta hadi ukabaki duara la ukungu, akalipiga kwa simu ya Samsung, na simu ikatoa mwezi wenye mabonde ambayo kwenye skrini hayakuwepo. Kampuni ikaeleza kwamba programu yake inautambua mwezi na kuuongezea undani. Mwezi haulalamiki. Lakini programu za namna hiyo zikifika kwenye uso wa mama wa bwana harusi aliyekaa safu ya nyuma ya ukumbi, zinaweza kukupa mtu ambaye hayupo. Usipige nyuso kwa kuvuta kupita kiasi; nenda kwa miguu.

Sasa nikueleze ya Jambiani, maana huko ndiko nilikopata jibu lako. Nilifika wakati wa bamvua, maji yamekupwa hadi mbali, na kina mama walikuwa kwenye mashamba yao ya mwani, wameinama kwenye safu za vigingi na kamba. Kilimo hiki kilianza kisiwani kibiashara mwaka 1989, na kimewapa wanawake wa upande wa mashariki fedha iliyo yao wenyewe. Sasa bahari inapata joto, na ule mwani wa kotonii unaolipa zaidi unakufa kwa wingi, wamebaki zaidi na spinosum wa bei ndogo. Wanafanya kazi ileile kwa malipo madogo, na kila aliyepata nafasi ya kulisema hili alilisema.

Niliwaamkia, nikakaa nao, nikawasaidia kufunga miche kwenye kamba, na nilipoomba ruhusa baadhi walikataa na wengine wakakubali. Waliokataa sikuwapiga hata kwa mbali. Miongoni mwa waliokubali walikuwemo wawili wamesimama bega kwa bega, mmoja maji ya kunde, mwenzake mweusi ti. Saa sita mchana, jua utosini, mchanga mweupe na maji ya kina kifupi yanarudisha mwanga kutoka chini. Mweusi kajifunga kanga nyeupe kichwani, mwenzake kavaa buibui. Mwanga mbaya kuliko huo hauupati.

Simu iliwaweka wote wawili. Si kwamba ilimng'arisha mmoja ili alingane na mwenzake, kama nilivyokwisha kuona kwenye simu nyingine. Kila mmoja alibaki na rangi yake. Kanga nyeupe haikuungua, maandishi yake yanasomeka. Buibui si doa jeusi, mikunjo ya kitambaa ipo. Na mikono: nilipiga mkono mmoja tu, umeshika kikamba na mche wa mwani, maji yanachuruzika, chumvi imekauka kwenye vifundo vya vidole, kucha zimechakaa kwa kazi. Kasoro niliyoiona ni kwamba simu inapenda kunyanyua vivuli mno, mchana wa kikweli unakuwa kama umepoa. Ukigusa skrini penye uso na kuteremsha mwanga kidogo kwa kidole, jua linarudi mahali pake. Fanya hivyo kila mara.

Joto lilituletea taabu. Baada ya kurekodi video ya 4K kwa muda juani, simu ikawa ya moto, skrini ikajififisha yenyewe, nikawa napiga kwa kukisia. Ibebe kwenye kitambaa cheupe, na video ndefu fanya kivulini. Chumvi nayo hutanda kwenye kioo cha lenzi na kila taa inatoa ukungu. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa maji ya kunywa, usitumie ncha ya kanga. Na huo mhuri wa IP68 unaosema simu haiingii maji hupimwa kwa maji baridi, si ya bahari. Usiitumbukize.

Kina mama niliwaahidi picha, na ahadi nimeitimiza kabla sijaondoka. Kwenye WhatsApp tuma kama faili la waraka, ama sivyo picha inabanwa na kazi yote ya sensa inapotea njiani. Wawili wasio na simu janja niliwachapishia mjini. Karatasi ilitoka na giza kuliko skrini, kwa sababu skrini hizi huwaka kwa nguvu na zinakudanganya. Punguza mwanga wa skrini hadi nusu kabla ya kurekebisha picha ya kuchapisha, na chapisha ndogo ya majaribio kwanza.

Hili ndilo jibu langu. Kwa picha za kutembea, za msafara wa bwana harusi, za maulidi uani, za nyuso dirishani na juani, simu ya daraja hili inafanya kazi vizuri kuliko kamera yako ya sasa yenye lenzi iliyokuja nayo, na inawatendea haki watu weusi. Kwa studio, baki na kamera yako na mataa yako; kwa kawaida simu haiwezi kuiamsha flashi yako kubwa, na mwanga uliopangwa na fundi unashinda ushonaji wowote wa programu. Kwa ukumbi, tumia vyote viwili. Wala usitoe bei ya pikipiki. Tafuta ya daraja hilohilo iliyotoka miaka miwili iliyopita, maana sensa hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na fedha itakayobaki nunua taa moja nzuri.

Ukienda dukani usiridhike na picha ya ua au ya jengo la ng'ambo ya barabara. Nenda na shemeji na yule mtoto wenu mweusi kuliko wote, wasimamishe mlangoni jua likiwa nyuma yao, piga, kisha wapige ndani chini ya taa ya duka. Ikuze picha hadi uone macho. Wakitoka kama walivyo, zungumza bei. Kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwa ujumbe kwenda 15090, na uhakikishe jibu linalorudi linataja simu ileile uliyoishika. Unakumbuka Juni 2016 simu bandia zilivyozimwa nchi nzima, watu wakabaki na vipande vya plastiki. Nisalimie wote nyumbani, na nijulishe umeamua nini.

Dada yako